Mwalimu akihama, nani anabaki anajua habari za watoto wake?

Mwisho wa muhula ukikaribia matangazo yanaanza kushuka kwenye magrupu ya wazazi, mwalimu wa darasa la tatu anahama, wa hisabati wa madarasa ya juu kapata kazi kwingine, karani wa siku nyingi anastaafu, tunamkaribisha mwalimu mpya, tunawatakia kila la heri, asanteni. Mi kazi yangu ni kukaa na wakuu wa shule zinazochukua watoto wa msingi na wa madarasa ya kati, yaani mtoto anaingia ana miaka sita hivi anatoka ana kama kumi na nne, nawasaidia kupanga stafu na kupanga namna ya kuwaambia watu mabadiliko yakitokea. Kwa hiyo matangazo ya aina hii nimeyasoma mengi mno. Na mengi yana shida ileile, yanaeleza habari za mtu mzima anayeondoka na mtu mzima anayekuja, mtoto hayumo kabisa. Mzazi anamaliza kusoma na swali lake bado liko palepale, je huyu mpya atajua kwamba mwanangu akikaa nyuma haoni ubao?

Hilo swali ndo kiini cha jambo lote. Mwalimu akiondoka silabasi inabaki, vitabu vinabaki, madawati yapo, hata maandalio ya masomo mara nyingi yapo kabatini. Kinachoondoka ni yale anayoyajua kuhusu watoto wale thelathini au arobaini, na hayo hayapo kwenye faili lolote, yapo kichwani mwake. Shule ikishaelewa hivyo inaacha kuona mabadiliko ya stafu kama suala la kujaza nafasi tu, inaanza kuuliza yale anayoyajua huyu yanahamia kwa nani, lini, na kwa njia gani.

Naomba nianze na utafiti mmoja ambao nautaja karibu kila nikikaa na kamati ya shule. Mwaka 2013 watafiti watatu wa Marekani, Matthew Ronfeldt, Susanna Loeb na James Wyckoff, walitoa matokeo ya kuangalia wanafunzi wa darasa la nne na la tano wa jiji la New York kwa kipindi cha miaka minane. Walikuta pale ambapo walimu wengi wameondoka kwenye darasa fulani la shule, watoto wa darasa lile walipata alama za chini kwenye Kiingereza na hisabati, na maumivu yalikuwa makubwa zaidi kwenye shule zenye watoto wengi wanaosuasua na zenye watoto weusi wengi. Hapo hamna anayeshangaa sana. Ila kitu kilichonifanya niupende utafiti huu ni kwamba hata watoto ambao mwalimu wao hakuondoka, yaani yuleyule wa siku zote yuko mbele yao, nao waliathirika. Maana yake nini? Maana yake hasara haiko kwa yule aliyeondoka peke yake, iko kwenye ofisi ya walimu. Waliobaki wanabeba vipindi vya ziada, wanamwelekeza mgeni chaki ziko wapi na mtihani wa wiki unatungwaje, ile mipango waliyopanga pamoja inavunjika katikati, na wale waliozoea kuulizana "hivi huyu mtoto kwako yukoje?" hawana tena wa kumuuliza.

Kwa hiyo mkuu wa shule akiniambia "tumeshapata mbadala, tatizo limeisha", namwambia "mwalimu, hapana, hapo ndo kazi inaanza".

Makabidhiano sasa. Shule nyingi zina fomu ya makabidhiano na mimi sina ugomvi nayo, funguo, vitabu idadi kadhaa, rejista, azimio la kazi limefika wapi, alama za mitihani, sahihi hapa na hapa. Fomu inalinda mali ya shule. Ila mtoto hamna. Kwa hiyo huwa naomba walimu wanaoondoka waandike karatasi nyingine, ya mkono tu, inayofuata orodha ya majina ya darasa, na kila jina mistari miwili mitatu ya vitu ambavyo ripoti ya muhula haisemi. Hebu ona mfano wa namna inavyokuwa ikiandikwa vizuri: "Huyu anakaa dawati la tatu upande wa dirisha. Miwani anayo ila anaificha kwenye begi, walishawahi kumcheka. Usimwambie avae mbele ya wenzie, msogeze tu mbele kimyakimya. Kusoma kwa sauti anaogopa, lakini ukimsikiliza peke yake anasoma vizuri kuliko alama zake zinavyoonyesha. Jumatatu anakuja amechoka, wikendi anakuwa kwa baba. Shangazi ndo anayejibu simu haraka."

Soma tena halafu jiulize mwalimu mpya angechukua muda gani kuyajua hayo mwenyewe. Lile la miwani pengine angelijua baada ya muhula mzima, na katikati hapo angeshamwandika mtoto kuwa mzito wa kuelewa. La kusoma kwa sauti pengine asingelijua kabisa.

Kuna mambo hayaandikwi kwenye karatasi kama hiyo, na hapa niko mkali kidogo. Ugonjwa wa mtoto, mambo ya mahakamani kuhusu nani ana haki ya kumlea, mashaka kwamba mtoto anaumizwa nyumbani, hayo yanakaa kwenye faili la siri na yanapitishwa kwa mdomo, mkuu wa shule au mwalimu wa ushauri nasaha akiwepo, na anaambiwa yule anayehitaji kujua tu. Na karatasi yenyewe isiwe hukumu. "Mtukutu", "mvivu", "mama yake msumbufu" hayo si maelezo ya mtoto, ni uchovu wa mwalimu umeandikwa kwa wino, na mwalimu mpya akiyasoma anaingia darasani ameshamkunjia mtoto uso kabla hajamwona. Andika kinachotokea na kinachosaidia, basi.

Karatasi pekee haitoshi lakini. Kama inawezekana kwa namna yoyote mwalimu mpya akae darasani siku kadhaa wakati yule wa zamani bado yupo, hata siku mbili, akae nyuma aangalie tu, aone nani anamtazama nani kabla ya kujibu, nani anaomba ruhusa ya kutoka kila kinapofika kipindi cha hisabati. Najua wakubwa watasema bajeti hairuhusu kulipa watu wawili kwa darasa moja. Naelewa, bajeti ni bajeti. Ila siku mbili zile ni rahisi kuliko muhula mzima wa mgeni anayepapasa gizani.

Halafu kuna mabadiliko ambayo watu hata hawayahesabu kama mabadiliko, yaani mwalimu haondoki shuleni, anahamishwa tu kutoka darasa la pili kwenda la tano, au aliyekuwa anafundisha sayansi anaambiwa mwakani chukua Kiingereza. Wakuu wengi wanafanya hivi mwishomwisho wa likizo, wakiwa na ratiba mbele yao na nafasi mbili tupu, na wazazi hawaambiwi kitu kwa sababu stafu ni walewale. Allison Atteberry pamoja na Loeb na Wyckoff waliangalia jambo hili hukohuko New York, wakachapisha mwaka 2017, na walichokuta ni kwamba kuhamishwa ndani ya shule ndo aina ya mabadiliko inayotokea mara nyingi kuliko zote, na inashusha matokeo ya watoto, si kwa kiasi cha mwalimu mgeni kabisa wa kazi lakini inashusha. Mwalimu mwenye uzoefu wa watoto wa miaka saba anapelekwa kwa wa miaka kumi na mbili, uzoefu wake mwingi anauacha mlangoni. Kwa hiyo ushauri wangu kwa wakuu ni kwamba hizi hamahama za ndani ziwe na sababu inayotamkika. "Nafasi ilikuwa wazi" ni sababu ndogo mno.

Kuna hamahama moja ya ndani lakini ambayo mimi naitetea sana, mwalimu kupanda na darasa lake. Darasa la tatu akamaliza nao, mwakani wakaenda wote la nne. Andrew Hill na Daniel Jones walichunguza data za North Carolina wakachapisha mwaka 2018, wakakuta mtoto anayepata mwalimu yuleyule kwa mara ya pili anapanda alama kidogo, si kwa kiasi cha kupigia vigelegele, ila inaonekana, na faida ilikuwa kubwa zaidi kwa watoto wa jamii za wachache. Sababu haihitaji elimu kubwa, mwezi wa kwanza ambao kila mwalimu anautumia kujua watoto, huyu anafundisha. Gharama yake kwa shule ni ndogo sana, ni suala la ratiba tu. Isipokuwa kama mtoto na mwalimu hawaivi, hapo usilazimishe, mhamishe mtoto darasa la pembeni bila kelele.

Madarasa ya kati ni habari nyingine kidogo. Kule chini mtoto ana mwalimu mmoja siku nzima, akiondoka pengo ni la darasa moja lakini ni refu, linaenda mpaka chini. Kule juu mtoto ana walimu sita saba, kila mmoja anamwona vipindi vichache kwa wiki, na mwalimu mmoja akiondoka madarasa manne matano yanaguswa kwa mara moja ila juujuu. Shida ya kule juu ni kwamba unaweza kukuta hakuna hata mtu mzima mmoja anayemjua mtoto mzimamzima. Mwalimu wa hisabati anajua hisabati zake, wa historia anajua kwamba huwa anachelewa, wa michezo anajua kaacha kuja mazoezini, na hawajawahi kukaa pamoja wakaunganisha hayo matatu. Na ni umri mbaya wa kutokujulikana, mtoto wa miaka kumi na mbili, kumi na tatu, mwili unabadilika, marafiki ndo kila kitu, na anahesabu nani anaondoka hata kama hasemi. Jonah Rockoff na Benjamin Lockwood mwaka 2010 walionyesha kwamba watoto wa New York waliohama kutoka shule ya msingi kwenda shule ya kati inayojitegemea walishuka matokeo wakilinganishwa na wenzao waliobaki kwenye shule inayoendelea mpaka darasa la nane. Kwa hiyo shule yenye watoto wadogo na wakubwa sehemu moja ina kitu cha thamani mkononi, mtoto anajulikana tangu akiwa na meno ya utoto, ila hiyo thamani inakuwepo tu kama watu wanaomjua bado wapo au walisema wanachokijua kabla hawajaondoka. Mi huwa nasisitiza kila mtoto wa madarasa ya kati awe na mtu mzima mmoja aliyeandikwa kwa jina, mwalimu mlezi, na huyo akiondoka mtoto aambiwe mlezi wake mpya ni nani siku hiyohiyo, asikae wiki bila mtu.

Sasa watu ambao hawaingii darasani. Hapa matangazo mengi yanapita haraka mno, "pia tunamuaga mlinzi wetu" basi. Jamani. Mlinzi wa getini anajua mtoto gani anachukuliwa na nani, anajua gari gani si la kawaida, anajua yule mjomba ambaye mama alisema kwa ukali kabisa asiruhusiwe kumchukua mtoto. Kuna shule mlinzi huyo ndo daftari pekee la habari hizo. Anastaafu Ijumaa, Jumatatu anakuja kijana mpya kutoka kampuni ya ulinzi, mtu mzuri tu, mstaarabu, hamjui mtoto hata mmoja. Karani naye vilevile, yeye anajua ada ya nani inalipwa na bibi, na namba gani ya simu kwenye fomu ilishakufa zamani. Dereva wa basi anajua kituo ambacho mtoto mmoja anashuka peke yake na nani huwa anamsubiri pale. Mpishi anajua nani akila karanga anavimba. Hawa wanatakiwa kufanya makabidhiano yenye uzito uleule wa mwalimu, na pengine kwa uharaka zaidi manake kosa la getini au jikoni halisubiri ripoti ya muhula. Orodha ya wanaoruhusiwa kumchukua kila mtoto iandikwe, ihakikiwe na wazazi kila muhula, na mlinzi mpya asimame na wa zamani getini asubuhi na jioni mpaka azijue sura.

Turudi kwenye tangazo lenyewe. Kwanza mpangilio wa nani anaambiwa lini. Stafu wanaambiwa kwanza, wote, kwa pamoja, asiwepo anayesikia kwenye korido. Kisha watoto wa darasa linaloguswa, na mwalimu mwenyewe anayeondoka ndo awaambie kama anaweza, mkuu akiwepo. Kisha wazazi, siku hiyohiyo kabla mtoto hajafika nyumbani, kwa sababu mtoto wa miaka saba akifika na nusu habari, mama anapiga simu kwa mama mwenzie, na saa mbili usiku grupu limeshaamua kwamba mwalimu kafukuzwa. Yote matatu yafanyike ndani ya siku moja, yaani ukianza asubuhi mchana uwe umemaliza.

Pili kilichoandikwa. Mfano wa tangazo ambalo mimi ningelipenda kama ningekuwa na mtoto darasani humo: "Wapendwa wazazi na walezi wa darasa la tatu B. Mwalimu wenu wa darasa anahamia shule nyingine mwisho wa mwezi huu. Kuanzia Jumatatu ya kwanza ya mwezi ujao darasa litakuwa na mwalimu mpya, ambaye kuanzia kesho anakaa darasani pamoja na mwalimu wa sasa. Watoto wameambiwa leo asubuhi, wengine wamehuzunika, mkiongea nao nyumbani itasaidia. Ratiba, vitabu na saa ya kutoka havibadiliki. Kama kuna jambo la mtoto wako ambalo mwalimu mpya anapaswa kulijua, walimu wote wawili watakuwepo Alhamisi baada ya masomo, au mpigie mwalimu mkuu." Majina yanawekwa, namba ya simu inawekwa. Shukrani kwa mwalimu anayeondoka zinafuata chini, tena ziwe za kweli, zitaje kitu alichokifanya, si "mchango mkubwa" kama tunavyoandikia kila mtu.

Na kama mbadala hajapatikana? Sema hivyo. "Hatujapata mwalimu wa kudumu, kwa sasa darasa litashikwa na fulani, Ijumaa ijayo tutawaambia tulipofika." Na Ijumaa ikifika uwaambie, hata kama jibu ni kwamba bado. Wakuu wanaogopa kusema bado, wanaona wataonekana hawajajipanga, lakini mzazi anavumilia bado, asichovumilia ni ukimya.

Sababu ya mtu kuondoka ni yake. Ujauzito, ugonjwa, ndoa kuvunjika, kutoelewana na uongozi, shule haina ruhusa ya kuyatangaza, na mwenyewe akitaka kusema atachagua aseme nini. Ila kutokusema sababu na kudanganya ni vitu viwili tofauti, usiandike "amesafiri" wakati hajasafiri. Na kuna hali moja ambayo inanikosesha usingizi kuliko zote, mtu anaondolewa kwa sababu kuna tuhuma kwamba amemdhuru mtoto. Hapo hakuna kumuaga kwa maneno matamu, hakuna barua ya sifa ili aondoke kimyakimya akaanze upya kwenye shule nyingine yenye watoto wengine. Taarifa inaenda kwa mamlaka zinazohusika mara moja, na wazazi wanaambiwa kile ambacho sheria inaruhusu, angalau kwamba mtu huyu hayupo shuleni, darasa lina mwalimu fulani, na mtoto yeyote mwenye jambo la kusema aende kwa fulani, ambaye amefundishwa kumsikiliza. Shule inayoficha hilo ili kulinda jina lake imewauza watoto, sina namna laini ya kulisema.

Mkuu wa shule mwenyewe akibadilika, upana wa jambo unaongezeka. Tara Béteille, Demetra Kalogrides na Susanna Loeb walifuatilia shule za Miami-Dade kule Florida, wakachapisha mwaka 2012, wakaona mkuu akiondoka walimu wengi zaidi nao wanaondoka na maendeleo ya watoto yanashuka. Kwa hiyo kaimu akiteuliwa kazi yake ya kwanza naona ni kuwatuliza walimu, awaambie kipi hakitaguswa mpaka mwisho wa mwaka. Mkuu mpya anayeingia na mabadiliko kumi wiki ya kwanza anakuwa anavunja kitu ambacho hakuonyeshwa kilipo. Kitu hicho ni uaminifu, na siyo neno la hotuba tu, Anthony Bryk na Barbara Schneider walikaa na shule za msingi za Chicago miaka ya 1990 wakaupima, kati ya walimu na mkuu, walimu wenyewe kwa wenyewe, walimu na wazazi, wakakuta shule zenye uaminifu mkubwa zilikuwa na nafasi 1 kati ya 2 ya kuinuka vizuri kwenye matokeo, zenye uaminifu mdogo 1 kati ya 7. Matokeo yao yalitoka 2002, na mpaka leo naona shule zikinunua kompyuta kabla hazijaita kikao kimoja cha kusikilizana.

Habari nyingine za jamii ya shule, nani kapata mtoto, nani kaoa, timu imeshinda, hizo ziandikwe kwa furaha tu, hazina ugumu. Ngumu ni msiba. Mwalimu akifariki, au mwanafunzi, au mzazi wa mwanafunzi. Watoto wasiambiwe paredi, mamia wamesimama juani na kipaza sauti kinakwaruza. Waambiwe darasani, na mtu wanayemfahamu, kwa maneno ya moja kwa moja, amefariki, mwili wake umeacha kufanya kazi na hatarudi. Najua tunapenda kulainisha, amelala, amesafiri, Mungu amemchukua, lakini mtoto mdogo anachukua neno kama lilivyo, ukimwambia amelala ataogopa kulala, ukimwambia amesafiri atamsubiri. Darasa la marehemu lisipewe mwalimu mgeni kabisa kesho yake asubuhi, liwe na mtu wanayemjua, hata kama ratiba ya wengine itaparaganyika wiki nzima. Na kiti cha mwenzao aliyefariki kisiondolewe usiku bila wao kujua, waulizwe, wenyewe huwa wanajua wanataka kifanyweje.

Swali linalobaki ni kwa nini wanaondoka wengi hivi. UNESCO kwenye ripoti yake ya mwaka 2024 walisema dunia itahitaji walimu milioni 44 zaidi wa msingi na sekondari kufikia 2030, milioni 15 kati yao Afrika kusini mwa Sahara, na kwamba kiwango cha walimu wa msingi wanaoacha kazi duniani kimepanda kutoka asilimia 4.62 mwaka 2015 hadi asilimia 9.06 mwaka 2022. Ukisoma hizo namba unaweza kudhani dawa ni kuajiri na kuajiri. Richard Ingersoll alishalionya hilo tangu 2001 kwa data za Marekani, akaonyesha wanaostaafu ni sehemu ndogo tu ya wanaoondoka, wengi wanaondoka wakiwa bado wana nguvu, na sababu wanazotaja ni mshahara mdogo, kukosa msaada wa uongozi, nidhamu ya wanafunzi, kutoshirikishwa kwenye maamuzi. Mshahara mkuu wa shule hana mamlaka nao mara nyingi. Hizo nyingine tatu anazo mkononi. Ndo maana nawaambia wakuu wasisubiri mtu alete barua ndo wamuulize kulikoni. Muulizeni katikati ya mwaka, nini kinakuchosha hapa, nini kikibadilika ungebaki, halafu badilisheni kimoja, hata kidogo, vipindi viwili kupunguzwa au kikao cha Ijumaa jioni kufutwa. Wengine wataondoka tu na ni haki yao. Japani walimu wa shule za umma wanahamishwa mara kwa mara kwa utaratibu, Machi majina yanatangazwa na Aprili mwaka mpya wa masomo unaanza, na Korea Kusini vilevile mwalimu kwa kawaida hakai shule moja zaidi ya miaka mitano, kwa hiyo kuondoka kwenyewe si jambo la kuliogopa, watu wanajua linakuja na wana muda wa kuagana sawasawa. Kinachoumiza ni kuondoka kwa ghafla, katikati ya muhula, bila neno.

Mwisho kabisa kitu ambacho nawaomba wakuu wakifanye wiki ya tatu ya mwalimu mpya. Mwite ofisini, chukua rejista, chagua majina matatu ya watoto wakimya, wale ambao hawaongozi na hawafeli, muulize kila mmoja yukoje. Akikuambia alama tu, makabidhiano hayakufanyika hata kama fomu imesainiwa kote. Hapo mpigie yule aliyeondoka wiki hiyohiyo, waunganishe waongee nusu saa wakiwa na orodha ya majina mbele yao, manake akishazama kwenye shule yake mpya na watoto wake wapya, haya ya zamani yanaanza kumtoka.